Chakula Kinachotembea: Vibali vya Toroli na Gari la Chakula Kitale na Bungoma

Anayeuza chakula kwa toroli, mkokoteni, tuktuk au gari nchini Kenya hutakiwa kuwa na karatasi tatu za msingi: cheti cha afya cha kila mtu anayeshika chakula, leseni ya usafi ya mahali kinapoandaliwa, na kibali cha biashara cha kaunti. Cheti humhusu mtu, leseni huhusu mahali, kibali huhusu biashara yenyewe. Hakuna inayosimama badala ya nyingine, na mivutano mingi ya wauzaji na askari wa kaunti huanzia hapo: muuzaji amelipia moja, akadhani amemaliza.

Wenye mamlaka ya kutoa karatasi hizo ni kaunti. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaipa serikali ya kaunti kazi ya kutoa leseni na kudhibiti shughuli zinazouzia umma chakula, pamoja na masoko na leseni za biashara. Mabaraza ya Kitale na Bungoma, ambayo ndiyo yaliyokuwa na kazi hiyo, yalikoma baada ya uchaguzi wa Machi 2013, na majukumu yao yakarithiwa na Kaunti ya Trans Nzoia na Kaunti ya Bungoma. Kila moja ina bunge lake, ada zake na askari wake, ambao mitaani bado ni kanjo tu.

Sheria za afya zinazotekelezwa, hata hivyo, ni za kitaifa, tena kongwe. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, ni ya 1921, miaka 5 kabla ya reli kufika Kitale. Sheria ya Chakula, Dawa na Kemikali, Sura ya 254, ni ya 1965, na Kanuni za Usafi wa Chakula zilizotungwa chini yake ni za 1978. Waliozitunga walikuwa wakifikiria hoteli, bekari na bucha: chumba chenye kuta, sakafu inayosugulika, sinki, dirisha na choo cha wafanyakazi. Toroli la smoki, yaani soseji za mitaani, halina hata kimoja cha hivyo. Ndiyo maana leseni ya mahali humsumbua muuzaji anayetembea kuliko hizo nyingine mbili, na ndiyo inayofaa kufikiriwa kwanza, hata kabla ya kumpigia fundi simu atengeneze toroli.

Cheti cha afya ndicho chepesi kupata. Mhusika huenda kwenye ofisi ya afya ya umma ya kaunti ndogo anakoishi au anakofanyia kazi, au moja kwa moja kwenye hospitali ya umma yenye maabara, akiwa na kitambulisho na picha ndogo. Hulipia, hupewa fomu na kikopo cha choo, na kulingana na mpimaji huweza kutakiwa kutoa mkojo, damu au makohozi. Ngozi, kucha na viganja hutazamwa kwa macho. Kinachotafutwa ni homa ya matumbo, amiba na vimelea wengine wa tumbo, kifua kikuu, na vidonda vinavyoweza kudondokea chakula. Aliye mzima hupewa cheti chenye jina, picha na muhuri. Aliyepatikana na kasoro hutibiwa, akapimwa tena.

Cheti hicho hudumu miezi 6 na humhusu yule aliyepimwa peke yake. Mwenye toroli aliyepimwa Januari, akaajiri kijana wa kumsaidia Machi, hana cheti cha kijana huyo hata kama chake kimetundikwa kwenye kioo. Kijana akiacha kazi huondoka na chake. Kwa biashara yenye watu watatu au wanne wanaobadilishana zamu, gharama hii ya kila nusu mwaka huwa kubwa kuliko inavyotarajiwa, na wengi huanza kuikwepa kwa kumpima mmoja tu. Afisa anayejua kazi yake hatazami cheti kwanza; hutazama ni nani ameshika kisu, ndipo aulize cheti cha mtu huyo.

Vipimo hivi vina historia ndefu. Mary Mallon, mpishi wa majumbani New York, aligunduliwa mwaka 1907 kuwa anabeba vimelea vya homa ya matumbo bila yeye mwenyewe kuugua, na tangu hapo nchi nyingi zikajenga mazoea ya kupima wapishi. Lakini Shirika la Afya Duniani, katika ripoti ya wataalamu ya 1989, lilihitimisha kwamba kuwapima wahudumu wa chakula kila baada ya muda fulani hakuzuii magonjwa kwa kiasi cha kustahili gharama yake. Sababu inaeleweka kwa urahisi: mtu hupimwa asubuhi akiwa safi, akapata vimelea wiki inayofuata, na cheti kikaendelea kusema ni mzima kwa miezi mitano na ushei. Isitoshe, kipimo cha damu cha Widal, kinachotumika sana kutafuta homa ya matumbo, hutoa majibu yasiyotegemeka. Kenya imebaki na vipimo vyake. Kipindupindu kilipozuka Nairobi mwaka 2017 na kuwapata hata wageni wa hoteli kubwa, agizo la serikali lilikuwa wahudumu wa chakula wapimwe upya. Mwaka 2020, mikahawa ilipokuwa ikifunguliwa tena wakati wa korona, sharti lilikuwa lile lile la vipimo kwanza.

Muuzaji wa Kitale hawezi kuibishia sheria kwa ripoti ya 1989, na si vyema ajaribu. Ila ni vyema ajue kwamba cheti kinamtimizia wajibu wa kisheria tu. Kinachowalinda wateja wake ni maji, sabuni, moto, na uamuzi wa kubaki nyumbani siku anapoharisha.

Sasa mahali. Swali la kwanza la afisa wa afya ya umma kwa mwenye toroli au gari si toroli litasimama wapi. Ni chakula kinapikwa wapi. Nyanya za kachumbari zinaoshewa wapi, unga wa chapati unakandwa wapi, mabaki ya jana yanalala wapi, na sufuria zinasuguliwa na nani. Leseni ya usafi wa chakula hutolewa kwa jengo lililokaguliwa, kwa hiyo biashara inayotembea hulazimika kuwa na kituo kisichotembea. Miji mingi ya Marekani imeliandika jambo hili wazi: gari la chakula haliruhusiwi kuuza bila jiko la msingi lililoidhinishwa, ambako hurudi kuoshwa na kujazwa maji. Kenya haijaliandika hivyo kwa magari ya chakula, lakini ukaguzi humfikisha mwombaji pale pale.

Wauzaji hulitatua kwa njia mbalimbali. Wapo wanaokodi kona ya jiko katika hoteli ndogo yenye leseni, wakapika alfajiri kabla ya hoteli kuanza chai. Wapo wanaokodi chumba cha duka mtaani, Matisi au Tuwani kwa Kitale, au nyuma ya steji ya Kanduyi kwa Bungoma, wakakiweka vigae na sinki. Na wapo, nao ndio wengi, wanaopikia nyumbani. Jiko la nyumbani si kosa lenyewe, lakini huwa gumu kupitisha: kuku wanaingia, watoto wanalala chumba hicho hicho, choo cha ploti kinatumiwa na kaya kumi. Mwenye nia ya kupitisha nyumba yake hutenga chumba kimoja kwa kazi hiyo pekee, mlango wake mwenyewe, meza inayofutika, mapipa yenye vifuniko ya unga na sukari, wavu dirishani, na pa kumwaga maji machafu pasipokuwa barazani kwa jirani. Hati za kuonyesha ni risiti ya kodi au mkataba wa nyumba. Ombi huandikwa, ada hulipwa, afisa hufika, na yasiyoridhisha huandikwa ili yarekebishwe kabla ya kurudi mara ya pili. Anayekodi jiko la mwingine aombe barua ya mwenye hoteli, pamoja na nakala ya leseni yake.

Hata ikipatikana leseni ya kituo, toroli lenyewe hukaguliwa, na huko ndiko ujuzi wa afisa huonekana. Toroli la smoki na mayai la kawaida ni sanduku la bati na kioo juu ya magurudumu mawili au manne, chini yake jiko la makaa au mtungi mdogo wa gesi, juu yake sinia lenye maji yanayofuka mvuke. Smoki hutoka kiwandani zikiwa zimeshaiva; zinachohitaji ni kukaa kwenye baridi hadi ziwekwe sokoni, kisha kukaa moto wakati wote. Kanuni ya kimataifa ni rahisi: kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60 za Selsiasi ndipo vimelea huzaliana, na chakula kisikae hapo kwa saa nyingi. Yai la kuchemsha lenye ganda lake ni salama kuliko linavyodhaniwa. Hatari ya toroli hilo iko kwenye ndoo ya kachumbari. Smoki na yai vimepita motoni. Kitunguu, nyanya na dania havikupita. Kisu kinachopasua smoki ndicho kinachochota kachumbari, na mkono unaopokea shilingi hamsini ndio unaokishika kisu. Afisa mzuri huuliza kachumbari ilikatwa saa ngapi na maji ya kuoshea yalitoka wapi, na jibu la maswali hayo mawili lina uzito kuliko rangi ya koti jeupe la muuzaji.

Maji ndiyo kiini cha yote. Kwa miaka mingi kampuni moja ya maji, ya Nzoia, ilihudumia Kitale, Webuye, Kimilili na Bungoma, lakini bomba halifiki kila mtaa na muuzaji wa barabarani hutegemea jerikeni. Linalotakiwa ni chombo chenye mfuniko na bomba chini, si beseni la kuchovya mikono; sabuni ya maji; ndoo ya pili ya maji machafu isiyomwagwa mtaroni; na maji yaliyotiwa dawa au kuchemshwa kwa ajili ya kachumbari na juisi. Lita 20 kwa mikono pekee huisha haraka kuliko mtu anavyodhani siku ya soko, kwa hiyo mpango wa kujaza tena uwepo. Afisa pia huuliza choo: muuzaji anayesimama steji kuanzia saa kumi jioni hadi saa nne usiku hujisaidia wapi, na hunawia wapi? Choo cha umma kilicho karibu, kinachofunguliwa usiku, ni sehemu ya ombi la leseni hata kama fomu haikitaji.

Mwaka 1997 tume ya kimataifa ya viwango vya chakula, Codex Alimentarius, ilitoa mwongozo maalumu wa kudhibiti chakula cha mitaani barani Afrika. Mwongozo huo unatambua kwamba biashara hii inalisha mamilioni na kuajiri wengi, na kwamba wajibu wa mamlaka unakwenda mbali kuliko kuwafukuza wauzaji: unazitaka ziwape mafunzo, maji na mahali pa kuuzia. Ni waraka mfupi unaofaa kubebwa na chama chochote cha wauzaji kinapokwenda kuonana na idara ya afya.

Karatasi ya tatu ni kibali cha biashara. Zamani muuzaji alihitaji leseni kadhaa kutoka ofisi tofauti. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mabaraza ya miji yaliziunganisha kuwa kibali kimoja cha biashara, na kaunti zikaurithi mfumo huo. Ada hupangwa kwa aina na ukubwa wa biashara. Orodha ya asili hutenganisha mchuuzi mwenye gari na asiye na gari, kisha wenye vibanda, kisha hoteli na mikahawa kwa daraja zao. Hapa pana jambo la kuangalia. Trela la chipsi lililoegeshwa mahali pamoja mwaka mzima, lenye viti vya plastiki mbele yake, huweza kuhesabiwa kuwa mkahawa, na ada ya mkahawa ni kubwa kuliko ya mchuuzi. Kabla ya kulipa, mwombaji asome jina la daraja alilopangiwa. Kulibadilisha kabla ya malipo ni mazungumzo ya dakika chache. Baada ya malipo ni barua na miezi.

Ada hizo hazitoki kichwani mwa karani. Kifungu cha 210 cha Katiba kinasema hakuna kodi wala ada ya leseni inayoweza kutozwa, kusamehewa au kubadilishwa ila kwa mujibu wa sheria, na kwa kaunti sheria hiyo ni ile ya fedha inayopitishwa na bunge la kaunti. Jedwali lake huorodhesha kila ada kwa shilingi, na hubadilika, ndiyo maana kiasi cha mwaka juzi kilichosimuliwa na rafiki sokoni hakifai kutegemewa. Mwananchi ana haki ya kuliona jedwali hilo, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inamsaidia akinyimwa.

Risiti ya kila siku si kibali. Mtoza ushuru anayepita sokoni Kitale au Chwele na kutoa tikiti anatoza ada ya kutumia nafasi ya soko siku hiyo. Muuzaji aliyekusanya tikiti za mwaka mzima katika mfuko amelipa pesa nyingi, pengine kuliko kibali chenyewe, na bado mbele ya sheria hana kibali. Malalamiko kwamba huku ni kutozwa mara mbili yana mantiki kwa mchuuzi mdogo. Tanzania ilijaribu njia nyingine mwishoni mwa 2018, ilipoanza kutoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000 za huko, ili machinga mwenye mauzo madogo asisumbuliwe na ushuru wa kila upande. Kenya haina kitambulisho cha aina hiyo cha nchi nzima. Kila kaunti inajiamulia.

Na hilo huonekana vizuri zaidi kwenye barabara ya Kitale kwenda Webuye. Kiminini iko Trans Nzoia. Kamukuywa, mwendo mfupi tu mbele, iko Bungoma. Kisha Misikhu, Lugulu na Webuye. Gari la chakula linaloweza kuuza chai ya asubuhi Kiminini linaweza kufika Kamukuywa kabla chai haijapoa, lakini kibali cha Trans Nzoia kinaishia mpakani. Anayetaka kuuza pande zote mbili hulipa pande zote mbili. Cheti cha afya ni tofauti kidogo, kwa kuwa kinamhusu mtu na sheria iliyokizaa ni ya nchi nzima. Hata hivyo busara ni kukipeleka kwa ofisi ya afya ya kaunti ya pili kabla ya siku ya kwanza ya kuuza, kuliko kukijadili kando ya barabara huku mayai yakipoa. Kwa wengi hesabu ya kaunti mbili hailipi. Ni nafuu kuchagua upande mmoja na kuzungukia masoko yake.

Barabara yenyewe ina mwenyewe. Barabara kuu ya kwenda Malaba inayopita Kanduyi, na ile ya Kitale na Webuye, ziko chini ya Mamlaka ya Barabara Kuu za Kitaifa, KeNHA, iliyoundwa kwa Sheria ya Barabara ya 2007. Ukanda wa ardhi kando ya lami ni hifadhi ya barabara. Kibali cha kaunti humruhusu mtu kufanya biashara, lakini hakimpi haki ya kukaa kwenye hifadhi hiyo, na KeNHA ikitoa notisi ya kuondoka, risiti za kaunti haziizuii. Wauzaji wengi huligundua hili tingatinga likiwa limeshafika. Toroli lina nafuu kwa kuwa linasukumika. Trela lililojengewa saruji chini ya magurudumu halina. Ndani ya mji, manispaa hupanga mitaa inayoruhusiwa na isiyoruhusiwa, na anayesimamisha gari kwenye nafasi ya maegesho hulipia maegesho kama gari jingine lolote.

Baadhi ya vyakula huongeza karatasi. Nyama iwe imepitia machinjio yaliyokaguliwa na kupigwa muhuri, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Nyama ya 1972, na kuisafirisha kunahitaji kibali na chombo maalumu. Kwa muuzaji wa mutura hili ni zito, maana matumbo na damu ndiyo malighafi yake na ndiyo sehemu inayoharibika upesi; aweke risiti ya bucha au machinjio ya siku hiyo, kwa sababu mutura ikishachomwa hakuna muhuri unaoonekana. Maziwa na mala viko chini ya Bodi ya Maziwa, na kuuza maziwa kama bidhaa ni leseni nyingine. Kutia maziwa kwenye chai si hivyo. Njugu, kripsi au juisi ikishafungwa kwenye pakiti yenye jina, inaingia katika himaya ya Shirika la Viwango, KEBS, na alama yake. Chapati inayoliwa pale pale haiingii. Mwenye kuanza na mtaji mdogo hufanya vizuri kubaki upande wa chapati.

Gari lina mambo yake. Pikapu iliyogeuzwa jiko imebadilika muundo, na mabadiliko hayo yaingizwe kwenye rekodi za Mamlaka ya Uchukuzi na Usalama Barabarani, NTSA; la sivyo bima huweza kukataa kulipa siku ya ajali. Gari la biashara hukaguliwa kila mwaka. Mtungi wa gesi usimame wima, ufungwe kwenye chuma, nje ya chumba anamosimama mpishi au kwenye kasha lenye matundu chini, kwa sababu gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na hutuama sakafuni. Idara ya zimamoto ya kaunti hutazama hilo pamoja na kizimamoto na blanketi la moto. Mkokoteni na toroli la kusukuma havihusiki na NTSA.

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Agosti 28, 2017, hivyo chipsi hufungwa kwa karatasi. Karatasi hiyo isiwe gazeti: wino hushika mafuta, na maafisa wa afya hulikataza. Spika ya kuita wateja, kama ipo, inaangukia kanuni za kelele za mamlaka ya mazingira za 2009, na muziki unaochezwa kwa wateja una ada ya hakimiliki. Ni mambo madogo yanayosahaulika hadi jirani alalamike.

Upande wa kodi, muuzaji awe na namba ya Mamlaka ya Mapato, KRA. Tangu Julai 2023 kodi ya mauzo ni asilimia 3 kwa biashara yenye mauzo ya zaidi ya shilingi milioni 1 na yasiyozidi milioni 25 kwa mwaka. Milioni 1 kwa mwaka ni wastani wa shilingi 2,740 kwa siku, kiwango ambacho toroli lililosimama pazuri linaweza kukifikia bila mwenyewe kujua. Hapo daftari la mauzo huwa na faida mbili: humwonyesha mwenye biashara alipo, na humkinga dhidi ya makadirio ya mtu mwingine. Jina la biashara husajiliwa kwa eCitizen, au kwa kusaidiwa katika Huduma Centre, ambazo ziko Kitale na Bungoma. Anayefanya biashara kwa majina yake kamili halazimiki kusajili jina jingine.

Ukaguzi wa ghafla ni halali. Afisa aliyeidhinishwa anaweza kuchukua sampuli, kuzuia chakula kisiuzwe, au kukiteketeza kikiwa kimeoza. Lakini maafisa wa afya ya umma husajiliwa kwa sheria ya 2013, na mwenye biashara ana haki ya kuona kitambulisho na kuandikiwa kilichochukuliwa. Kifungu cha 47 cha Katiba kinamtaka mtumishi wa umma atoe uamuzi wa haki, na kutoa sababu kwa maandishi pale haki ya mtu inapoguswa. Askari wa kaunti anayebeba toroli zima bila hati hayuko ndani ya utaratibu huo. Kubishana naye barabarani hakusaidii. Kuandika namba ya gari, saa na mashahidi, kisha kwenda na nakala za vibali kwa ofisi ya kaunti ndogo, kumewahi kuwarudishia watu mali zao. Nakala, kwa sababu asili haitakiwi kutoka nyumbani. Picha za karatasi zote kwenye simu zinafaa pia.

Mikusanyiko mikubwa huja na masharti yake. Sherehe za Madaraka za Juni 1, 2024 zilipofanyika Uwanja wa Masinde Muliro, Kanduyi, mji ulijaa watu waliohitaji kula. Maonyesho ya kilimo ya Kitale hufanya hivyo kila mwaka, na tohara ya Wabukusu mnamo Agosti, katika miaka inayogawika kwa mbili, huleta sherehe vijijini. Mwandaaji wa tamasha huuza nafasi, lakini nafasi aliyouza si idhini ya afya. Afisa atataka cheti na leseni kama kawaida. Waombaji hurundikana wiki ya mwisho, kwa hiyo anayelenga maonyesho apimwe mwezi mmoja kabla.

Mpangilio unaookoa pesa ni huu: kwanza kupata jiko la kituo na kulikaguza kwa mazungumzo, bila kulipia chochote; pili kutengeneza toroli kulingana na maagizo ya afisa; tatu vipimo vya afya; nne leseni ya usafi; tano kibali cha biashara, ambacho kaunti nyingi hukitoa baada ya kuona idhini ya afya. Malipo yote yapitie simu au benki kwa namba rasmi ya kaunti, na risiti isomeke jina la biashara, si la wakala. Kwa desturi vibali huisha Desemba 31 na huhuishwa kufikia mwisho wa Machi, baada ya hapo kuna faini. Anayeanza biashara Oktoba aulize kama kuna ada ya sehemu ya mwaka kabla hajalipia mwaka mzima kwa miezi mitatu. Cheti cha afya kina kalenda yake ya miezi 6, na aliyepimwa Januari hurudi Julai.

Kibali hakiuzwi pamoja na toroli. Anayenunua biashara ya mwingine huomba upya kwa jina lake, na jiko la kituo hukaguliwa tena kama amelihamisha. Anayeacha kabisa aiandikie idara ya biashara ya kaunti na kubaki na nakala iliyopigwa muhuri, kwa sababu jina likibaki kwenye mfumo huweza kuendelea kuhesabiwa deni la kila mwaka pamoja na faini zake.